Mafunzo Niliyopata kwa Fundi Viatu wa Wote

Kazi yangu ni kununua ndengu. Mavuno ya Januari na Februari yakianza, mimi huwa barabarani kati ya Kitui na Makueni: Mutomo, Ikutha, Kibwezi, Wote, halafu narudi. Kabla lami haijafika barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, safari hiyo ilikuwa adhabu. Siku hizi adhabu iliyobaki ni kusubiri. Unasubiri magunia, unasubiri lori, unamsubiri mkulima aliyekuambia "nakuja sasa hivi" tangu asubuhi. Na penye kusubiri katika miji midogo ya Ukambani, hapakosi meza ya pool.

Nilianza kucheza nikiwa kijana pale Kalundu, Kitui mjini, na kwa wenzangu nilihesabiwa mkali. Kisha nikakutana na fundi viatu mmoja wa Wote, mtu wa makamo, mwenye kibanda karibu na steji ya magari. Jioni hufunga kibanda, hujisugua gundi mikononi, huvuka barabara na kuingia baa. Pombe hanywi, huagiza soda moja ikamtosha mpaka usiku. Jina lake silitaji, kwa sababu mkewe ni mtu wa kanisa na habari hizi hazipendi. Haya ndiyo aliyonifundisha, machache kwa maneno, mengi kwa kunishinda.

1. Karo hulipwa kwa anayekushinda

Kanuni nilizokutana nazo katika baa nyingi za kwetu hazitofautiani sana. Anayeshinda anabaki mezani, anayeshindwa anampisha mwingine, na anayeingia ndiye anayetia sarafu. Foleni ni ile safu ya sarafu za shilingi 20 zilizopangwa ukingoni mwa meza. Kwa hiyo mchezaji hodari anaweza kucheza usiku kucha bila kutoa hata senti, akiburudishwa na pesa za watu.

Ndiyo sababu wengi, wakimwona fundi ameshika fimbo, huziokota sarafu zao polepole na kutafuta meza nyingine yenye watu wa saizi yao. Hawana neno, wanataka raha. Lakini ukicheza na mnaolingana kila siku, mnabadilishana makosa tu. Yeye akikosea, nawe unakosea, mchezo unakuwa mtamu, na baada ya mwaka mko palepale.

Mimi sarafu yangu niliiacha. Fundi akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia. "Basi, kijana wa Kitui, umekuja kulipa karo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Watu wakacheka, lakini lile lilikuwa jibu la kweli. Shilingi 20 haikutoshi nauli ya boda boda, ila inakununulia mchezo mzima umesimama kando ya mtu anayejua, ukiona anavyoweka miguu, anavyopumua kabla ya kupiga, na mpira anaouacha wakati wewe ungeukimbilia.

2. Tazama nyeupe

Hili ndilo somo lenyewe. Mengine yote ni matawi yake.

Mchezaji wa kawaida akiinama mezani huona mpira wa rangi na shimo. Anapiga, mpira unaingia, anashangilia, halafu anainua macho na kukuta nyeupe imejibanza ukingoni, mbali na kila kitu. Hapo husema bahati imemwacha. Fundi habahatishi. Yeye humaliza mipira yake saba kisha akaingiza nyeusi, na ukimtazama vizuri utaona kwamba karibu kila mpira aliopiga ulikuwa rahisi, hata mtoto angeuingiza. Ugumu wote aliumaliza mapema, kwa kuipeleka nyeupe mahali ambapo mpira unaofuata hauna shida.

Siku moja baa ikiwa tupu alitia sarafu yeye mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida, mipira ikaporomoka kwa kishindo chake, akaitawanya mezani bila kuipanga kwenye pembetatu. Akatoa mfukoni kipande cha ngozi ya kiatu, ukubwa wa kiganja, akakilaza juu ya kitambaa. "Mpira wowote uingie usiingie, sijali. Nyeupe ilale hapa." Nikapiga. Akakihamisha. Nikapiga tena. Mpira ukiingia na nyeupe ikipita kando ya ngozi, hasemi kitu. Mpira ukikosa shimo na nyeupe ikalala juu ya ngozi, anasema, "Nesa," yaani vizuri, kwa Kikamba chetu.

Kuna hesabu ndani yake, na aliijua bila kuiita hesabu. Ukiipiga nyeupe ikafika ikiteleza bila kubingirika, ikagonga mpira mwingine kwa ubavu, miwili hiyo huachana kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Mpira wa rangi unakwenda shimoni, nyeupe inakwenda upande, na ukikumbuka kona ya daftari utajua itaelekea wapi. Nyeupe ikifika inabingirika, pembe hiyo hufungika, nayo husogea mbele zaidi. Ikigonga nusu ya mpira, hukengeuka njia yake kwa takriban nyuzi 30. Ukiipiga chini kabisa, inaweza kurudi nyuma ikukute ulipo. Hayo matatu, kuteleza, kubingirika na kurudi, yanatosha kwa sehemu kubwa ya mchezo wa baa. Kuisokota kwa kando, kule vijana wanakokupenda ili washangiliwe, fundi alinikataza mpaka nijue hayo kwanza.

Tahadhari moja kwa wanaocheza meza za sarafu: nyeupe ya meza hizi mara nyingi si ndugu kamili wa mipira mingine. Mashine hufungia ndani mipira iliyoingia mpaka sarafu nyingine itiwe, lakini nyeupe lazima irudi, na ili itambulike hutengenezwa tofauti kidogo kwa ukubwa, au huwekwa sumaku ndani. Uzito ukitofautiana, zile nyuzi 90 hazitimii sawasawa. Kwa hiyo pembe za video za ughaibuni usizihamishe moja kwa moja hadi Emali.

3. Mkono wa nyuma ulegee

Hili ni fupi. Mkono wa mbele, ule unaolala mezani na kuibeba fimbo, uwe imara kabisa. Wa nyuma ushike fimbo kwa vidole kama vile hutaki kuiumiza. Kidevu kishuke, kichwa kisiinuke mpaka mipira itulie. Fundi aliweka kidole chake utosini mwangu nilipokuwa nikipiga, na kila nilipoinuka kutazama kama mpira umeingia, nilikikuta.

4. Isome meza

Meza ya pool ina jiwe chini ya kitambaa, na jiwe hilo likikaa sawa hakuna cha kusoma. Lakini meza za kwetu zimebebwa kwenye pikapu, zimepitia mabonde, zimewekwa juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka. Nenda uangalie chini: mguu mmoja utaukuta umetiwa kipande cha katoni ya bia kilichokunjwa mara nne. Katoni ikilegea, meza inaelemea upande mmoja, na mpira wa polepole unapinda kuelekea huko unapokaribia kusimama.

Fundi, kabla ya mchezo wa kwanza katika baa ngeni, huiviringisha nyeupe taratibu, mara moja kwa urefu wa meza na mara moja kwa upana. Anayemtazama hudhani anachezacheza. Anasoma mteremko. Kisha hupitisha kiganja juu ya kitambaa akitafuta matundu ya sigara na viraka. Mpira wa polepole hataupitisha hapo usiku ule.

Majira nayo yana neno. Mvua za Novemba zikinyesha Makueni, kitambaa hunyonya unyevu, mipira inakuwa mizito na nguvu zako za kiangazi hazifiki. Agosti, vumbi likiwa limetanda Mutomo, hali ni nyingine tena. Mimi ambaye maisha yangu ni kupima unyevu wa ndengu kabla ya kutia bei, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwenye baa hukufahamisha bei ya soda; habari za meza yake utazitafuta mwenyewe.

5. Ngozi ni nusu ya fimbo

Hapa ndipo ufundi wa mchana na wa jioni wa mtu huyu unapokutana. Fimbo nyingi za baa zimekwisha ncha. Ngozi imebanduka, limebaki tako la mbao au plastiki, na wachezaji huisugua ncha hiyo ukutani penye chokaa mpaka ukuta unatoboka vishimo vidogo usawa wa bega. Ukiona vishimo hivyo karibu na meza, jua chaki iliisha zamani.

Fundi hukata kiduara cha ngozi ngumu ya soli, hukikwangua upande mmoja ili gundi ishike, hukibandika, hukifunga kwa uzi wa mpira na kukiacha mpaka kesho yake. Kisha hukichonga kwa wembe na kumalizia kwa msasa mpaka kiwe na mgongo wa mviringo. Ngozi bapa hugusa nyeupe vizuri ukipiga katikati tu. Ukishuka chini inateleza. Mviringo ndio unaokupa ruhusa ya kupiga chini, juu na kando. Tangu aniwekee ngozi kwenye fimbo yangu, mpira wa kurudi nyuma, ambao nilidhani ni wa watu wenye kipaji, nikaupata.

Wanahistoria wa mchezo huu humsifu Mfaransa François Mingaud, wa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kuiweka ngozi kwenye ncha ya fimbo. Nilipomsimulia fundi, hakushangaa hata kidogo. Alisema huyo Mfaransa lazima alikuwa na jirani fundi viatu.

Na niongeze jambo ambalo watu wa Kitui tungelijua zaidi. Zamani mipira ya mchezo wa biliadi, ambao ndio mama wa pool, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana na wachongaji wa Ulaya na Marekani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe kutoka bara hadi Mombasa. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana. Miaka ya 1860 pembe zilikuwa ghali kiasi kwamba kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuzibadili, na majaribio ya John Wesley Hyatt ndiyo yaliyoleta mipira ya plastiki ya mwanzo. Kwa hiyo anayesema pool ni mchezo wa wageni usiotuhusu, mwambie mali ghafi yake iliwahi kupita kwenye mabega ya babu zetu.

6. Kuficha si uoga

Baa nzima hupenda mpira unaoingia kwa nguvu. Ukiipeleka nyeupe polepole ikajificha nyuma ya mipira yako, ili mpinzani asione hata mmoja wa kwake, utasikia miguno na mtu mmoja atapaza sauti kwamba umeogopa. Fundi huwa hajibu. Husogea kando, hunywa soda yake, husubiri mpinzani akosee, kisha hurudi akiwa na nafasi mbili.

Alinionyesha kwa simu video ya Efren Reyes, Mfilipino aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999 huko Cardiff. Video hiyo ni ya mwaka 1995, Reno, Marekani, akicheza na Mmarekani Earl Strickland. Strickland amemficha vibaya. Reyes anaipitisha nyeupe kwenye kingo mbili, inauendea mpira uliofichwa na kuuingiza, ukumbi unalipuka. Nikamwambia fundi huyu jamaa ni mchawi. Akairudisha video nyuma. "Watu wote wanamtazama Reyes. Wewe mtazame Strickland. Amecheza sawasawa kabisa, ndiyo maana mwenzake amelazimika kufanya muujiza. Na mpinzani wako Wote hapa si Reyes."

7. Mwalimu usimwekee pesa

Kuchezea pesa bila leseni kumekatazwa na sheria, na katika baa kila mtu analijua hilo huku akiwekeana na mwenzake. Wengine ni soda, wengine ni mia mbili, wengine ni mshahara. Fundi hachezei hata soda, na sababu yake haikuwa dini wala polisi. "Ukiweka pesa utapiga mpira unaoujua. Usioujua hutaujaribu. Sasa utajifunza lini?"

Nilimwelewa zaidi pale Mtito Andei, ambapo madereva wa malori ya Mombasa hulala. Wapo pale watu wanaocheza vizuri kuliko wanavyotaka ujue. Mgeni anapoteza mchezo wa kwanza kwa mia moja, wa pili anaupoteza kwa tofauti ya mpira mmoja, halafu anajikuna kichwa na kuomba dau lipande. Ukitaka kumtambua, usitazame mipira anayokosa. Tazama nyeupe. Mtu asiyejua hukosa na nyeupe ikaenda popote. Huyu hukosa na nyeupe ikatua mahali ambapo huwezi kumdhuru. Mara ya kwanza kuligundua hilo nilirudisha pesa zangu mfukoni na kuaga kwa heshima.

Kwenye meza za dau ndiko pia unakoyasikia ya kamuti, yaani uchawi. Watu wa Makueni wakishindwa na mtu wa Kitui hawakubali kwamba wameshindwa na fimbo; lazima niwe nimebeba dawa ya kienyeji kiunoni. Ni utani, nami huupokea kama utani. Ila nimeona kijana akiamini kweli, akaacha kujizoeza na kuanza kutafuta mganga wa kumsaidia. Hilo limeshaacha kuchekesha.

8. Mwalimu wa pili alikuwa akiniletea soda

Baada ya fundi, mtu aliyenionyesha mengi zaidi ni mhudumu wa baa moja kule Mutomo. Dada huyo hufika mapema kufagia na kupanga viti, na mwenye baa humwachia ufunguo wa meza. Kwa hiyo amezoea kucheza peke yake, mchana, kwenye kimya, bila mtu wa kumpigia makofi. Alinishinda akiwa na trei ya chupa inayomngoja kaunta. Mipira mirefu ya ukingoni, ile ambayo hata fundi huikwepa, dada huiingiza taratibu, ikitambaa kando ya ukingo mpaka shimoni. Nilimuuliza nani alimfundisha. "Meza," akasema, kisha akaenda kumhudumia mteja.

Nimemfikiria sana dada yule, kwa sababu kupata meza kwake kulikuja tu kwa kuwa ameajiriwa mahali ilipo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho, iliruhusu baa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nimeona pombe ilivyofanya kazi vijijini kwetu. Lakini meza ikiwa ndani ya baa, mchezo umefungiwa humo pia. Msichana wa Kibwezi mwenye jicho kama la yule dada atajifunzia wapi? Chifu akikasirishwa na vijana wanaoshinda baa mchana, meza huondolewa pamoja na chupa.

Majirani wamekwenda mbele. Uganda wana chama cha pool na ligi ya taifa, ingawa mfadhili wake amekuwa bia ya Nile Special. Tanzania nao mashindano yao yalidhaminiwa na Safari Lager. Hata huko, basi, pombe haijabanduka mezani. Kitui na Makueni tunaweza kuanza kwa njia nyingine na kwa gharama ndogo. Kaunti zetu zina kumbi za jamii na vyuo vya ufundi katika wadi. Meza moja iliyotumika haizidi uwezo wa wadi yoyote, sarafu zake zitalipia kitambaa na chaki, na mafundi wa kubandika ngozi tunao. Mwakilishi wa wadi akija kwenu kuomba maoni ya bajeti, baada ya maji na barabara, mtajieni na meza. Iwekwe ukumbini, mchana, mlango ukiwa wazi, na wasichana wapewe zamu yao.